Kigari changu kilivyotaka kwenda Gulu na Kampala kwa wakati mmoja

Jamani mimi huwa sikomi. Kaka aliniletea kigari cha rimoti toka Dubai, kile cha kuvuta magurudumu yote manne, na maramu yetu, hii barabara ya udongo mwekundu ya hapa Bombo, Uganda (Gulu iko kaskazini, Kampala kusini), ikamaliza shokapu ndani ya wiki mbili. Oili ya silikoni sina, nikatia ya shokapu za boda, raba za ndani zikavimba, kigari kikakakamaa kama mbuzi anayevutwa kwenda kuchinjwa. Hilo tuliache.

Kesi yenyewe ni difu, lile boksi la gia la kwenye ekseli linalozungusha magurudumu, moja mbele na moja nyuma. Ya nyuma ilikuwa inalia krrr, nikaifungua, nikapaka grisi, nikafunga, nikaita watoto wa mtaa wote waje waone fundi. Nabonyeza mbele, kigari kinatetemeka tu, mota inalia, kinachimba shimo palepale na vumbi jekundu linatufunika. Mzee jirani, zamani aliendesha malori ya jeshi, akainama akakitazama weee, akasema: "Mwanangu, hii miguu ya mbele inakwenda Gulu, ya nyuma inakwenda Kampala."

Kumbe ile gia kubwa, kraun, nimeiweka upande usio wake wa pinioni, ile gia ndogo inayoizungusha, kwa hiyo ekseli ya nyuma inazunguka kinyume!

Haya, usiku umeme hakuna, simu nimeing'ata mdomoni inimulikie, nikafungua difu, nikageuza kraun, nikafunga, nikalala kwa raha zangu. Asubuhi ndo naambiwa na kigari chenyewe kwamba nilifungua ya MBELE. Zinafanana kama mapacha, sasa ningejuaje? Basi difu zikapatana, zote zinataka Kampala. Nabonyeza mbele mpaka mwisho, kikatoka kinyumenyume, na si ule mwendo wa pole wa rivasi, hapana, mota yenyewe inajua inakwenda mbele kwa hiyo inatoa nguvu zote. Kikapita katikati ya miguu ya mzee, kikagonga meza ya jamaa wa rolex, zile chapati za kukunjia mayai, trei nzima ya mayai 30 chini. Na chapati mbili.

Mpwa wangu wa miaka 11 akaja anatafuna muwa, akachomoa waya mbili za mota, nyekundu akaichomeka pa nyeusi, nyeusi pa nyekundu, kikaenda mbele. Hata dakika haikuisha, muwa hajautoa mdomoni.

Mayai nadaiwa mpaka leo, na yule jamaa kila nikipita anauliza kwa sauti, boss, leo Gulu au Kampala?