Figo ya ndugu na haki ya kukataa

Figo za mtu zikishindwa kazi, ukoo hukaa kikao. Dua inasomwa, chai inazunguka, halafu watu wanaanza kuangaliana. Huyu ana sukari, yule ana presha, mama mkubwa umri umekwenda, kaka wa pili ana watoto wadogo. Linabaki jina moja, aghalabu la mdogo ambaye hajaoa au binti ambaye hajaolewa, na hutajwa kabla mwenyewe hajaulizwa.

Naunga mkono kutoa figo, na nitaeleza sababu. Ila naamini kibali kinachopatikana kwa namna hiyo hakitoshi, hata kama fomu imesainiwa.

Anayesafishwa damu hulala kwenye mashine kama saa nne, mara tatu kwa wiki, wiki zote za mwaka. Maji anapimiwa, chupa ndogo anainywa kwa mafunda kutwa nzima. Mchicha unachemshwa kwanza, maji yake yanamwagwa ili potasiamu, madini yanayolundikana mwilini figo zikishindwa, ipungue, na ndizi anawaachia wengine. Kazi inayumba, na akiba ya nyumba nzima inaishia kwenye nauli na bili. Figo mpya humwondoa huko. Iliyotoka kwa mtu aliye hai hudumu kwa wastani miaka 15 hadi 20, kwa kawaida zaidi ya ile ya aliyefariki. Kwa Tanzania njia ndiyo hiyo, maana upandikizaji umetegemea ndugu walio hai. Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, ilianza Novemba 2017 ikisaidiwa na madaktari wa India, na Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ikafuata 2018 kwa msaada wa Wajapani. Kabla ya hapo ilikuwa safari ya India, na wengi hawakuwa na uwezo nayo.

Dini haikufunga mlango. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu lilipokutana Jeddah mwaka 1988 liliruhusu kwa masharti, likiwemo la kutomdhuru mtoaji, na Papa Yohane Paulo II alilisifu tendo hilo mwaka 2000 huku akipinga viungo kuuzwa.

Sasa hasara za mtoaji. Figo inayobaki hutanuka na kufikia takribani asilimia 70 ya kazi iliyokuwa ikifanywa na zote mbili, na wengi huishi nayo vizuri. Utafiti mkubwa wa Marekani wa mwaka 2014 ulikadiria kwamba kati ya watoaji 10,000, kama 90 wataugua figo kushindwa kazi maishani mwao. Katika watu wa kawaida, ambao hawakuchujwa kwa vipimo, makadirio yalikuwa 326. Watetezi wa utoaji hupenda kushika hiyo 326, kana kwamba kutoa figo ni kinga. Ulinganisho wa haki ni mwingine. Mtoaji alichaguliwa kwa sababu ni mzima kuliko wenzake, na wazima kama yeye ambao hawakutoa walikadiriwa 14 tu. Kutoka 14 hadi 90 ni kupanda kwa kweli, ingawa bado haijafika mtu mmoja katika mia. Mtoaji anastahili kuambiwa namba zote tatu.

Kwa binti kuna jingine, na kwenye kikao halitajwi kabisa. Utafiti wa Kanada wa mwaka 2015 ulikuta presha ya ujauzito au hali inayotangulia kifafa cha mimba kwa asilimia 11 ya mimba za wanawake waliotoa figo, dhidi ya 5 kwa wenzao wasiotoa. Wengi walijifungua salama, lakini walikuwa na kliniki zenye kupima presha na mkojo bila kukosa. Binti wa kijijini anayefika kliniki mimba ikiwa na miezi sita yuko kwenye hatari nyingine. Katika nchi nyingi wanawake ndio wengi miongoni mwa wanaotoa figo wakiwa hai, na sioni kwamba ni kwa sababu miili yao inafaa zaidi. Ni rahisi tu kuwaomba, na vigumu kwao kukataa.

Kuhusu kuuza sina mengi. Mwaka 2025 vyombo vya habari vya Ujerumani vilifichua vijana wa Kenya waliouza figo Eldoret kwa fedha kidogo, na sheria ya nchi yao inakataza biashara hiyo. Umaskini ukishakuwa ndio unaosaini fomu, hapo hakuna hiari ya kupimwa.

Shinikizo la upendo ni gumu zaidi, kwa kuwa halivunji sheria yoyote. Upandikizaji wa kwanza uliofanikiwa, Boston, Desemba 1954, ulikuwa kati ya mapacha wa kufanana, Ronald na Richard Herrick. Usiku wa kuamkia upasuaji, Richard aliyekuwa mgonjwa alimwandikia mwenzake kikaratasi akimwambia aondoke, arudi nyumbani. Ronald akajibu kwamba yuko na habanduki. Kinachonigusa ni kwamba ruhusa ya kuondoka ilitoka kwa mgonjwa mwenyewe. Richard aliishi miaka minane zaidi, na Ronald hadi 2010.

Katika vituo vingi nje, mtoaji huonana na daktari peke yake, bila shangazi mlangoni, na akisema hataki, familia huambiwa tu kwamba hafai kuwa mtoaji. Najua jibu la wanaopinga: kumfungulia mtoaji njia ya kutoka ni kumfungia mgonjwa. Ni kweli, wapo watakaofariki kwa sababu ndugu alisema hapana, na siwezi kulipunguza jambo hilo. Lakini mdogo mtu aliyetolewa figo kwa aibu ataishi na kovu lile miaka hamsini, na hana pa kulisemea.

Kisha kuna baada ya upasuaji. Mpokeaji anarudi kliniki maisha yake yote kwa ajili ya dawa zake. Mtoaji akitolewa nyuzi, mara nyingi faili lake linafungwa. Bima iliyolipia figo hiyo imlipie na yeye kipimo cha presha, kreatinini (taka ya damu inayoonyesha figo inavyofanya kazi) na mkojo kila mwaka, kwa jina lake mwenyewe, na ajulishwe hivyo kabla hajasaini.