Ubabe wa Ulaya: jiografia, sheria au mabavu?

Katika mjadala wa kwa nini Ulaya Magharibi ndiyo iliyokuja kuitawala dunia, wanaotaja jiografia husikilizwa zaidi. Wao husema kwamba wakazi wa Ulaya na Asia walijaliwa mapema nafaka na wanyama wa kufugwa, na kwamba kuishi karibu na mifugo hiyo kuliwajengea kinga dhidi ya maradhi kama ndui, yaliyokuja kuwafyeka wenyeji wa Amerika. Hoja hiyo inasaidia kueleza jinsi Francisco Pizarro, akiwa na askari wasiofika 200, alivyomteka mtawala wa Inka, dola ya Amerika Kusini, Atahualpa, mwaka 1532. Haielezi kwa nini isiwe China, iliyokuwa na neema hizo hizo, na ambayo meli za amiri wake Zheng He zilikwisha kufika Afrika Mashariki kabla Wareno hawajaipita rasi ya Bojador, kwenye pwani ya Sahara, mwaka 1434.

Wengine hutaja sheria: bunge la Uingereza lililombana mfalme baada ya mapinduzi ya 1688 na kulinda mali za watu. Ni hoja nzito, ila bunge hilo hilo lilipiga marufuku vitambaa vya pamba vilivyotiwa rangi vya India mwaka 1700, likakaza zaidi mwaka 1721, ili kuwalinda wafumaji wake. Soko huria lilihubiriwa baadaye.

Je, basi ni uporaji? Waafrika zaidi ya milioni 12 walipakiwa melini kama watumwa, na jasho lao lilitajirisha wengi. Hata hivyo Ureno, iliyosafirisha watumwa wengi kuliko Uingereza, haikuwa ya kwanza kujenga viwanda.

Kwa maoni yangu, maelezo yoyote hayana budi kujibu swali la wakati: kwa nini karne ya 18, si ya 12? Hapo makaa ya mawe yana uzito ambao mara nyingi hupuuzwa. Injini ya mvuke ya Mwingereza Thomas Newcomen ya 1712 ilitafuna makaa mengi kiasi kwamba ilifaa hasa pale pale mgodini, ikivuta maji yaliyofurika mashimoni, ambako makaa hayakuhitaji kusafirishwa. Uingereza ilikuwa na migodi ya namna hiyo karibu na bandari. China makaa yake mengi yalikuwa kaskazini, mbali na wafumaji wa bonde la mto Yangtze. Kutoka pampu hiyo hadi manowari ya chuma ya Waingereza, Nemesis, iliyopanda mito ya China kwa nguvu ya mvuke katika Vita vya Kasumba vya 1839–1842 kati ya Uingereza na China, ilipita miaka 130 tu.