Wengu ndiko tulikotaka ifike

Shangazi yangu, anayehudhuria kliniki ya saratani ya titi kwa mwaka wa pili sasa, alinitumia klipu ya WhatsApp ambamo sauti nzito inaonya kwamba teknolojia ya mRNA, yaani maelekezo yanayopelekwa kwenye seli ili zitengeneze protini fulani, "husambaa mwili mzima", na ushahidi wenyewe ni panya wa maabara. Chini yake aliandika: "Mwanangu, si ndiyo dawa uliyonisifia?" Nilikuwa nimemsifia chanjo ya saratani inayotumia mRNA.

Panya hao nawafahamu, na wala si wa saratani. Ni wale wa chanjo ya UVIKO-19 ya Pfizer, waliochomwa chembe za mafuta, zile zinazoibeba mRNA, zilizotiwa alama ya mionzi, kisha viungo vyao vikapimwa kwa saa 48. Ini lilikutwa na hadi asilimia 18 ya dozi, ovari takriban asilimia 0.1, na bingwa wetu wa klipu akaikuza hiyo 0.1 mpaka ikajaa kioo cha simu. Hakutaja kwamba alama ilikuwa kwenye mafuta, wala kwamba mafuta kufika mahali si sawa na protini kutengenezwa hapo.

Anayetaka kujua protini inatengenezwa wapi hutumia mRNA yenye maelekezo ya kimeng'enya cha kimulimuli: panya hulazwa kwa dawa ya usingizi ndani ya sanduku la giza, na kiungo kinachofanya kazi hung'aa mbele ya kamera. Chembe zikipitishwa mshipani, kwa kawaida ini ndilo hung'aa, kwa kuwa protini ya damu iitwayo ApoE huzidandia na kuzipeleka huko. Mwaka 2016, kundi la mtafiti Ugur Sahin la Mainz, Ujerumani, lilionyesha katika jarida la Nature kwamba ukirekebisha uwiano wa mafuta na RNA hadi chaji iegemee upande hasi kidogo, mwanga huhamia kwenye wengu, ambako seli dendritiki, walimu wa kinga ya mwili, huzifundisha seli T, askari wa kinga hiyo, kuitambua saratani. Watu wamehangaika ili dawa isafiri, nasi leo tunaambiwa kusafiri kwake ndiyo kashfa!

Nakubali, shingo upande, kwamba panya si mtu. Tena chanjo inayotengenezwa kufuata mabadiliko ya kijeni ya uvimbe wa mgonjwa mmoja haiwezi kujaribiwa yote kwa panya. Kinachopimwa hasa ni chombo kinachoibeba.

Nilimweleza shangazi hayo yote, nikaongeza kwamba dawa niliyomsifia bado iko kwenye majaribio. Habari za panya hakuzigusa kabisa. Aliuliza tu, "Na huku kwetu itafika lini?"