Daftari la nani kafungua faili

Wanaobeza teknolojia za uwazi katika ulinzi wa taarifa binafsi, yaani zana za kumwonyesha mtu taarifa zake zinatumikaje, wana hoja moja: mwenye taarifa hasomi. Umwekee dashibodi, haifungui. Umpe sera ya faragha, anabofya "nakubali" na kupita.

Ni kweli hasomi. Lakini itazameni P3P, kiwango cha kuandika sera za faragha ili kompyuta izisome, kilichopitishwa na W3C, shirika la viwango vya wavuti, mwaka 2002. Tovuti iliandika sera yake kwa misimbo, kivinjari kikaisoma kwa niaba ya mtu. Mwaka 2010 watafiti wa Carnegie Mellon walikagua misimbo mifupi, yaani muhtasari wa sera hizo, ya tovuti 33,139, wakakuta makosa katika 11,176. Theluthi nzima! Na si uzembe tu: kivinjari cha Internet Explorer, kilichotumia misimbo hiyo kuamua kizuie vidakuzi vipi (faili ndogo ambazo tovuti huhifadhi katika kompyuta ya mtu), hakikuwa na njia ya kujua kama kilichoandikwa ni kweli, hivyo tovuti nyingine ziliweka misimbo ilimradi vidakuzi vyao visizuiwe. Msomaji alikuwepo, tena mashine isiyochoka, na bado alidanganywa. Kasoro ilikuwa kwamba kilichosomwa ni ahadi.

Daftari la upekuzi, yaani kumbukumbu ya nani kafungua faili la nani, huandika tendo. Estonia, mwananchi huingia mtandaoni akaona taasisi ipi ilifungua taarifa zake, na lini. Hata wakisoma wachache, karani anayetamani kuchungulia faili la jirani hajui kama jirani huyo ni mmoja wao.

Nalo huharibika. Kila mstari unahitaji saa, akaunti, taarifa zilizofunguliwa na sababu. Sababu ikiwa ya kuandika kwa mkono, baada ya wiki mbili kila mtu anaandika "kazi". Kuufunga kila mstari kwa alama ya kihisabati ya mstari uliotangulia hufichua aliyefuta katikati, ila msimamizi mwenye mamlaka yote anaweza kuukokotoa upya mnyororo mzima. Ndiyo maana alama ya mwisho hupelekwa nje, tuseme kila saa, kwa mtu asiye chini yake.

Pingamizi ninaloliheshimu ni la mtumishi: daftari hilo ni taarifa zake pia. Juni 2023, katika kesi ya benki ya Kifini Pankki S, Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kuwa mteja ana haki ya kujua tarehe na madhumuni ya upekuzi, lakini si majina ya wafanyakazi, isipokuwa yakihitajika ili atumie haki zake. Naiona sawa, mradi jina lihifadhiwe ndani hata lisipoonyeshwa. Makarani watano wakitumia nywila moja, jina hilo halipo.