Wahakiki wa Marekani walishangaa, mimi sikushangaa

Wahakiki wengi wa Marekani waliisifu The Fire Inside, filamu ya maisha ya bondia Claressa Shields, na nakubaliana nao karibu kwa kila kitu. Rachel Morrison, aliyesifika miaka mingi kama mpiga picha wa filamu kabla ya kuongoza hii yake ya kwanza, anajua wakati wa kuwaacha waigizaji wanyamaze. Barry Jenkins amewaandikia maneno ya watu waliozoeana. Brian Tyree Henry, anayeigiza kocha Jason Crutchfield, anastahili kila sifa aliyomiminiwa, na Ryan Destiny alistahili zaidi ya alizopata. Kilichonikera kidogo ni sifa moja niliyoikuta tena na tena: eti upekee wa filamu hii ni kwamba haikomi pale bondia anapovishwa dhahabu. Msichana anarudi kwao Flint, mji wa jimbo la Michigan, shida za nyumbani zinamsubiri palepale alipoziacha, na hakuna kampuni inayomtafuta kwa matangazo.

Kwao hilo lilikuwa jipya. Sisi Wakenya sehemu hiyo tunaijua kwa moyo.

Michezo ya London ya 2012 ndiyo ya kwanza ambapo wanawake walipigania medali za ndondi za Olimpiki. Walikuwa mabondia 36 katika uzani wa aina tatu. Shields, akiwa na miaka 17, alitwaa dhahabu ya kilo 75. Katika uzani huohuo alikuwepo Elizabeth Andiego, Mkenya wa kwanza wa kike kupanda ulingo wa Olimpiki. Hakupata medali. Nimewauliza Wakenya wenzangu hapa Michigan kama wanamkumbuka, watu wanaoweza kukutajia wakimbiaji wetu wa mwaka ule mmoja mmoja, wakanitazama tu.

Bondia wetu mwingine, Conjestina Achieng, wanamkumbuka, tena vizuri. Mwaka 2004 alipotwaa taji, nchi nzima ilijua kwamba mwanamke kutoka Siaya anashikilia mkanda wa kimataifa ambao hakuna Mwafrika wa kike aliyekuwa ameushika kabla yake. Miaka michache baadaye akaugua, na kuanzia hapo tukawa tunamwona kwenye habari kila mara mwanasiasa au msamaria anapojitokeza na kamera kumpeleka hospitalini. Sisemi asisaidiwe. Nasema bingwa alipaswa kuwa na bima na posho yake mwenyewe, siyo kungoja nani amemhurumia mwezi huu.

Halafu kuna bondia Robert Wangila. Dhahabu yake ya Seoul 1988 ndiyo pekee ambayo Kenya imewahi kupata kwenye Olimpiki nje ya riadha. Baada ya hapo alifanya kile ambacho wengi wetu tumefanya, akaja Marekani kutafuta. Alifariki Las Vegas mwaka 1994, kutokana na majeraha ya pambano. Sijawahi kuona filamu yake, na kama ipo nitafurahi kuonyeshwa.

Ndugu zangu nyumbani husikia haya kisha wananijibu kwamba huko majuu ni tofauti, ukishinda huko umetoka. Niliwaambia wamtazame Shields. Naishi Detroit, mwendo wa saa moja na ushei kutoka Flint, na nimepita mitaa ambayo nyumba tatu kwa mfululizo zimepigwa mbao madirishani. Mwaka 2014, miaka miwili baada ya dhahabu yake ya London, mji huo ulianza kutumia maji ya mto wake, mabomba yakaoza, na madini ya risasi yakaingia kwenye vikombe vya watoto. Watu wakapanga foleni kupokea maji ya chupa. Mama yangu, aliyebeba mitungi maisha yake yote, hakuniamini hadi nilipomtumia picha.

Kwa hiyo tofauti ipo wapi? Mimi naiona kwanza kwenye ile sehemu ya filamu Shields anapodai posho sawa na ya wanaume. Anajua mlango wa kubisha, anajua wenzake wa kiume wanalipwa ngapi, na nyuma ya mlango kuna mtu mwenye uwezo wa kusema ndiyo. Kwetu bondia asiye na ajira ya jeshi, polisi au magereza hana hata karatasi ya kulalamikia. Kilichobaki ni harambee.

Tofauti ya pili ni pesa za kusimulia. Kuna studio iliyolipia hadithi ya binti wa Flint, na hata baada ya korona kuisimamisha kazi mwaka 2020 na studio hiyo kujitoa, nyingine iliichukua na ikaitoa siku ya Krismasi 2024. Hapo pia tusidanganyane, maana pamoja na sifa zote zile, mapato ya sinema hayakufika dola milioni 10. Inaelekea watazamaji wa hapa nao wanapenda kwenda nyumbani wimbo wa taifa ukiisha. Baadhi ya wahakiki walisema nusu ya kwanza inafuata njia iliyozoeleka ya filamu za michezo, na ni kweli, lakini nadhani Morrison aliwapa watu njia hiyo makusudi ili aikate mbele yao.

Mapema Februari 2025, filamu ikiwa bado ya moto, Shields alipigana Flint kwenyewe, mbele ya watu wake, akamshinda Danielle Perkins na kuwa bingwa asiyepingwa wa uzani wa juu kabisa. Alikuwepo kusikia anavyosifiwa.

Conjestina naye yuko hai. Nasikia vijana wa filamu Nairobi wakisema hadithi yake inafaa skrini kubwa, na naunga mkono. Ila kabla mtu hajanunua kamera, mkataba uandikwe, ukubaliwe na yeye na watu wake, na malipo ya kwanza yaende kwake. Yaandikwe kama malipo ya haki ya hadithi. Neno msaada lisionekane popote kwenye karatasi hiyo.