Wimbo naukumbuka, benki siikumbuki

Kuna tangazo la benki fulani lilikuwa linapita redioni hapa Kampala kila asubuhi, wimbo mtamu mpaka watoto nyumbani wakawa wanauimba wakioga, na mimi naujua mwanzo mpaka mwisho. Alafu uniulize ni benki gani, kweli sijui. Ndo maana nabishana na watu wanaosema tangazo zuri ni lile linalokaa kichwani.

Angalia Pakalast. Kampuni ya simu ya Warid walianza huduma Uganda 2008 wakakuta wenzao MTN wapo tangu 1998, wakatoa ofa ya kulipia mara moja upige simu siku nzima, wakaiita Pakalast. Hilo neno lilikuwa tayari liko midomoni mwa watu mtaani, maana yake mpaka mwisho, na sisi Waswahili tunasikia palepale kwamba hiyo "paka" ni "mpaka" yetu iliyohamia kwenye Luganda. Yaani ukilitaja jina umeshasema unapata nini, tangazo limeisha. Warid wakachukuliwa na Airtel 2013, jina la kampuni likafutika, Pakalast ikabaki.

Ila wale wanaosema kukumbukwa kunatosha wana hoja, hasa kwa vitu vya bei ndogo. Mwanasaikolojia Robert Zajonc alionyesha 1968 kwamba mtu akiona kitu mara nyingi anaanza kukipenda kwa sababu tu amekizoea, hata bila maelezo. Na dukani ndo hivyo, muuzaji yuko nyuma ya nondo, nyuma yako kuna watu wanasubiri, unataka sabuni, unataja jina la kwanza linalokuja, Mukwano, basi. Kwa Luganda ni rafiki, hata mtoto aliyetumwa halisahau njiani. Rangi nazo, maduka yamepakwa njano ya MTN ama nyekundu ya Airtel, mtu asiyejua kusoma anajua hapa natuma pesa.

Lakini mkopo? Kiwanja? Hapo mtu anauliza jirani kwanza, anauliza shemeji, anataka kujua riba na watamkata nini. Ukimleta msanii mkubwa aimbe, watu watamkumbuka msanii. Naona ile benki ilikosea hapo, jina lilitajwa mara moja mwishoni, mbiombio, pamoja na masharti.

Kinachoniuma zaidi ni lugha. Kiswahili ni lugha rasmi ya pili kikatiba tangu 2005, na 2022 baraza la mawaziri likapitisha kifundishwe kwa lazima shule za msingi na sekondari, lakini hapa Kampala washa redio usikilize matangazo, ni Luganda na Kiingereza. Mama anayeuza mitumba Arua, ama mchuuzi wa Busia anayevuka mpaka kila siku, anataja bei kwa Kiswahili, anadai deni kwa Kiswahili, alafu benki inayomtaka akope inamwimbia kwa lugha nyingine na riba haitaji.