Methali za Pesa Huuma Zaidi Ughaibuni

Nyumbani methali ina msamaha ndani yake. Ukiipuuza, yupo mjomba atakayekupa nauli, yupo Mangi wa duka la kona atakayeandika unga na sukari kwenye daftari lake mpaka mwisho wa mwezi, na mwenye nyumba atafoka wee, kisha atangoja. Huku Uingereza wa kukungoja hayupo. Ukikosea, kompyuta imeshaandika, na kompyuta haibembelezwi. Ndiyo maana naona methali zetu za pesa, deni na umbali, zile tulizokaririshwa shuleni kwa ajili ya insha, zina kazi kubwa zaidi huku kuliko Tandika au Kisumu. Bahati mbaya wengi wetu tunazituma kwenye makundi ya WhatsApp kila Ijumaa zikiwa na picha ya maua, halafu Jumamosi tunafanya kinyume chake.

Chukua "Kukopa harusi, kulipa matanga." Nyumbani deni la Mangi linakutia aibu ukipita mbele ya duka, basi, haliongezeki usiku ukiwa umelala. Kadi ya mkopo ya huku inaongezeka. Tuseme umetumia paundi 1,000 na riba ni asilimia 24 kwa mwaka, yaani karibu asilimia 2 kwa mwezi. Mwezi wa kwanza riba ni paundi 20. Ukilipa paundi 30 ukajiona mwema, 20 zimeliwa na riba, na deni limepungua kwa paundi 10 tu. Ukiendelea hivyo hivyo kwa paundi 30 kila mwezi bila kununua hata kiberiti kwa kadi hiyo, utamaliza baada ya miaka minne na miezi minane, na utakuwa umelipa zaidi ya paundi 1,650. Ukilipa paundi 100 kwa mwezi unamaliza ndani ya mwaka, na riba yote haifiki paundi 130. Tena benki haikushauri ulipe 30. Inakuonyesha "malipo ya chini kabisa," kiasi kinachopungua kadiri deni linavyopungua, na hapo ndipo matanga yanaporefuka. Dawa ni moja: agiza benki ikate deni lote kila mwezi tarehe ileile, siku moja au mbili baada ya mshahara kuingia. Ukishindwa kulipa mpaka akaunti ikafungwa kwa deni, alama hiyo hukaa kwenye rekodi yako ya mikopo miaka sita. Harusi yenyewe watu watakuwa wameshaisahau.

Halafu kuna "Haba na haba hujaza kibaba," ambayo Waswahili wa kila mji huku wanaitimiza kwa upatu. Upatu ni kitu kizuri na nitautetea mbele ya yeyote. Watu kumi, paundi 200 kila mwezi, kila mwezi mmoja anaondoka na 2,000. Hauna riba, hauna fomu, na Mwislamu anayekimbia riba anapata mtaji bila kuumiza dhamira. Ila upatu wa nyumbani unalindwa na mtaa. Kijumbe, yaani mkusanyaji wa michango, anajua kwa mama yako, na ukipokea ukatoroka, mama ndiye atakayeulizwa sokoni. Huku mtu anahama kutoka Leicester kwenda Glasgow wikiendi moja na namba ya simu inabadilika. Kwa hiyo mgeni asipewe zamu za mwanzo hata akilia shida. Apewe za mwisho, na wazoefu wapigiane kura kwa zilizobaki. Tarehe ya kuchanga iwe siku mbili baada ya siku wengi wanayolipwa, si kabla. Atakayekosa mchango wa mwezi atangulize mdhamini ambaye naye yumo kwenye mchezo. Na kila mchango uende kwa benki ukiwa na jina la mwezi, usiende kwa mkono, maana siku ya ugomvi kumbukumbu za vichwani huwa kumi tofauti.

Jambo ambalo upatu hauwezi kukufanyia huku ni kukujengea rekodi ya mikopo. Unaweza kuucheza miaka minane bila doa, na benki ikakuona kama mtu aliyeshuka uwanja wa ndege jana. Njia rahisi isiyo na gharama ni kujiandikisha kupiga kura, kwa sababu wakopeshaji hutumia daftari la wapiga kura kuhakikisha anwani. Mtanzania, Mkenya, Mganda na Mnyarwanda anayeishi England kihalali anaruhusiwa kujiandikisha hata bila pasipoti ya Uingereza, kwa kuwa nchi zao zimo kwenye Jumuiya ya Madola. Mrundi na Mkongomani hawana mlango huo. Nashangaa wanaostahili ni wengi na wanaojiandikisha ni wachache.

"Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe" wengi huku wanaiona methali ya kibahili. Mimi naiona ya huruma kuliko zote, hasa kwa huyo mgeni. Nyumbani ndugu anaweza kukaa kwako miezi sita. Chakula kinaongezwa maji, watoto wanabanana kitandani, yameisha. England mtu mzima mmoja akiongezeka kuna vitu vinahama palepale. Aliyekuwa anaishi peke yake alikuwa anapunguziwa asilimia 25 ya kodi ya halmashauri. Mgeni akifanya pale ndipo makazi yake, punguzo linaondoka, na usipoitaarifu halmashauri utakuja kudaiwa ya nyuma yote kwa pamoja. (Mgeni akiwa mwanafunzi wa muda wote hahesabiwi, kwa hiyo uliza kabla ya kununa.) Mwenye nyumba naye anatakiwa na sheria kuhakikisha kila mtu mzima anayeishi humo ana haki ya kupanga nchini, na mikataba mingi inakataza kuongeza mkaaji bila ruhusa. Mwenyeji mpole anayenyamaza "asije akaonekana hana utu" anaweza kujikuta yeye na mgeni wake wote wanatafuta pa kulala.

Jembe lenyewe liwe la maana. Wiki ya kwanza mgeni ajiandikishe kwa daktari wa mtaa. Kliniki haitakiwi kumkataa kwa sababu tu hana uthibitisho wa anwani au hali yake ya uhamiaji. Afungue akaunti ya benki. Kama viza inamruhusu kufanya kazi, aombe namba ya Bima ya Taifa, lakini asikae kuingoja: anaweza kuanza kazi kabla haijatoka. Mshahara wa kwanza aangalie herufi za kodi kwenye stakabadhi ya malipo. Akikuta BR na hana kazi nyingine, anakatwa asilimia 20 toka paundi ya kwanza, wakati karibu kila mtu ana paundi 12,570 kwa mwaka zisizokatwa kodi. Apige simu mamlaka ya kodi, watarekebisha, na kilichozidi hurudi.

Sasa tufike palipo na vilio vingi. "Fimbo ya mbali haiui nyoka," na "Mali bila daftari huisha bila habari." Hizi mbili zingechapishwa nyuma ya kila risiti ya kutuma pesa. Mbeba boksi, mfanyakazi wa huku ughaibuni, anajinyima miaka, anatuma ya msingi, anatuma ya kuta, anatuma ya kupaua, na siku akishuka Kibaha anakuta kichaka na shimo. Watu humlaumu ndugu aliyesimamia. Sawa, wapo wezi. Ila mara nyingi ninachokiona ni mtu aliyetuma pesa za ujenzi kwa jumla, bila hesabu, kwa mtu mwenye shida zake, halafu akategemea undugu ufanye kazi ya daftari.

Hesabu yenyewe si ya mhandisi. Tofali la kawaida lina urefu wa inchi 18 na kimo cha inchi 9, na likijengwa na mota, mita moja ya mraba ya ukuta haili zaidi ya tofali 10, basi hesabu 10. Jumlisha urefu wa kuta zote, za nje na za ndani. Tuseme ni mita 70, kimo mita 3: mita za mraba 210. Toa milango na madirisha, tuseme 30, zinabaki 180, yaani tofali 1,800. Ongeza asilimia 5 za kuvunjika: 1,890. Akikuletea hesabu ya tofali 2,600, huna haja ya kugombana, muulize tu 710 zimeenda ukuta gani.

Tofali zikifyatuliwa saiti, uliza mfuko mmoja wa saruji wa kilo 50 umetoa tofali ngapi za inchi 6. Fundi makini anazunguka kwenye 30, na akitaka ziwe imara zaidi anashuka chini ya hapo. Wanaochakachua wanafika 50, na asilimia 40 hivi ya saruji uliyolipia inaondoka na bodaboda jioni. Tofali la namna hiyo linakwaruzika kwa msumari na kumeguka pembe ukilibeba. Na hata tofali la haki litaharibika lisipomwagiliwa maji siku saba. Ukiona kwenye video limefyatuliwa Jumatatu na Alhamisi linajengewa, simamisha.

Nondo zinapimwa kwa mizani. Ya milimita 12 yenye urefu wa mita 12 ina uzito wa kilo 10 na nusu hivi, kwenda juu kidogo. Zipo zinazouzwa kwa jina la milimita 12 na hazifiki hata milimita 11. Pima kumi kwa pamoja: zikikosa kilo 100, rudisha dukani kabla fundi hajazikata.

Kuhusu picha: usikubali picha, taka video ya moja kwa moja, na mwelekeze anayepiga wewe mwenyewe. Mwambie asimame kwenye kona, azunguke, aonyeshe na jirani. Picha ya lenta (mkanda wa zege juu ya madirisha) ya mwaka jana imeshawafanya watu walipie kupaua nyumba mbili. Risiti ziwe za EFD, yaani za mashine ya kodi ya kielektroniki, ambazo unaweza kuzihakiki kwenye tovuti ya TRA, Mamlaka ya Mapato Tanzania, ukiwa hukohuko uliko. Pesa itumwe kwa hatua, na hatua inayofuata isitumwe mpaka iliyopita imeonekana kwa macho. Mshika pesa asiwe mpokea vifaa. Mmoja alipie duka, mwingine ahesabu mifuko ikishuka saiti na kuiandika.

Watagombana hao wawili, nakuhakikishia, na kila mmoja atakupigia kukushtakia mwenzake. Wazee walishasema: ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime, wakipatana, chukua kapu ukavune. Usichague upande. Uliza daftari linasema nini. Maana watapatana, na wakipatana atakayekuwa mbaya ni wewe uliye mbali.

Methali nyingine zinapingana na ndiyo raha yake. Kazi ni kujua ipi ya wapi. "Haraka haraka haina baraka" ni ya kiwanja unachoonyeshwa kwenye simu na dalali anayesema kuna mteja mwingine njiani: subiri, lipia upekuzi kwa Msajili wa Hati, ujue jina lililomo na kama kuna benki inayokishikilia. Lakini mtu huyohuyo akija na "haraka haraka" kwenye karatasi za huku, mrushie "Chelewa chelewa utamkuta mwana si wako." Ombi la kuongeza viza liingie kabla iliyopo haijaisha, hata kwa siku moja. Anayejiajiri, kama dereva wa teksi au msambaza vyakula, hesabu zake za kodi kwa mtandao zifike kabla ya 31 Januari usiku kuisha. Akichelewa ni paundi 100, hata kama hadaiwi kodi yoyote.

Kuna moja nisiyoipenda inavyotumiwa. "Mkataa kwao mtumwa" imegeuka kiboko. Mtu hajatuma mwezi huu kwa sababu saa za kazi zimepunguzwa, na kundi la familia linaamka nayo asubuhi. Mara nyingi anayeituma anadhani paundi ni nyingi, hajui chumba kimoja London kinaweza kula nusu ya mshahara. Kunyamaza hakusaidii, na kukopa kwa kadi ili kutuma kunakurudisha kwenye matanga. Waonyeshe tarakimu: kinachoingia, pango, nauli, chakula, kinachobaki. Panga kiasi kimoja cha kila mwezi, hata kikiwa kidogo, na tarehe moja. Tenga kingine kando cha msiba na hospitali, kisichoguswa kwa sherehe. Watakaokasirika watakasirika mwezi wa kwanza na wa pili. Wa tatu wataanza kupanga mambo yao kwa tarehe yako, na ada ya shule italipwa kabla mtoto hajarudishwa nyumbani.